Batri Ililala Upande wa Ukuta

Katika nyumba ya Papa Shofere walikuwa wanalala watatu: yeye, mke wake, na batri ya gari. Mke alilala katikati. Batri ilipewa upande wa ukuta, juu ya kibao, ikafunikwa kitambaa cha maua ambacho Mama Shofere alikuwa amekishona kwa ajili ya redio, siku zile bado walikuwa na redio.

Sisi tulikuwa jirani zao pale Mabanga, mtaa wa Goma. Kati yetu na wao kulikuwa na ukuta wa mawe ya volkeno unaofika kifuani, kwa hiyo mambo yao tuliyajua na yetu waliyajua, na hakuna aliyejisumbua kunong'ona. Kila jioni, jua likianza kuinama kuelekea Sake, Papa Shofere alifungua kapo la jeep yake, kile kifuniko cha mota. Shingoni alikuwa na kle, yaani spana ndogo ya chuma, kwenye uzi, mahali ambapo Wakatoliki wengine huvaa rozari. Alilegeza vichwa viwili vya batri, akaiinua, akaibeba mbele ya tumbo, na kupita nayo mlangoni upandeupande kama mtu anayeingiza mgonjwa. Asubuhi aliitoa na kuirudisha mahali pake. Sikuwahi kuona siku aliyosahau. Nilimwona akisahau misa, kofia, na mara moja harusi ya mtoto wa kaka yake, lakini batri hapana.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa ameendesha magari maisha yake yote, magari ya watu wengine, na watu wa mwisho walipofunga ofisi yao na kuondoka Goma walimwachia ile jeep kwa sababu hakuna aliyetaka kuinunua. Nyuma ya jeep kulikuwa na remorki, tela la kukokotwa. Si remorki ya kubebea mchanga, bali ile ya kulala ndani: kitanda, meza ya kukunja, dirisha dogo lenye pazia, ampuli mbili za taa kwenye dari na tundu la kuchomekea umeme. Iliachwa na Wazungu waliokuja kuona gorila miaka ambayo ilikuwa inawezekana kuja kuona gorila. Mambo yalipoharibika walirudi kwao kwa ndege. Papa Shofere alipoulizwa aliipata vipi, alijibu, "Ndege haikokote remorki." Akaona ameeleza yote.

Remorki haikuwa na umeme wake. Ilikunywa kutoka kwa jeep, kwa waya mweusi wenye fishi, yaani plagi, iliyochomekwa nyuma ya gari. Hapo ndipo taabu yote ilipotoka. Ampuli ya remorki ukiiacha inawaka haipigi kelele, haitoi harufu, haimsumbui mtu. Inainyonya tu batri ya gari polepole, na asubuhi ukigeuza ufunguo, gari linasema *tik*.

Papa Shofere alikuwa ameisikia hiyo *tik* mara moja tu. Mimi nilikuwa mdogo, nilihadithiwa na Mama Shofere mwenyewe, aliyeipenda ile hadithi kuliko mumewe. Usiku wa kabla ya vita kuingia mjini walikuwa na wageni wa kutoka Masisi ndani ya remorki, na wageni walisali taa ikiwaka hadi wakasinzia. Asubuhi mji wote ulianza kukimbia. Mama Shofere akawekwa mbele, mizigo nyuma, Papa akageuza ufunguo. *Tik*. Akageuza tena. *Tik*. Akashuka, akaliangalia gari usoni kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mbele ya wageni.

Ungesema, basi wangetembea. Lakini Mama Shofere alikuwa na nyonga mbovu. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani alisimama mara kadhaa kupumzika, na akisimama alijifanya anasalimia watu ili wasijue. Wengine tulikuwa na miguu, yeye alikuwa na jeep. Siku ile alipakiwa juu ya chukudu, ule usafiri wetu wa mbao wa magurudumu mawili usio na pedali wala mota, na muuza kabichi mmoja alimsukuma hadi mpakani, amekaa juu ya kabichi ambazo hazikuwa zimeuzwa. Mtaa mzima ulimpita au alipita mtaa mzima. Kuna waliocheka, maana hata siku ya vita watu huwa na nafasi ya kucheka.

Mama Shofere hakujali. "Niliona Goma kutoka juu," aliniambia. "Ni muji muzuri."

Mumewe alijali. Tangu siku ile alikuwa na kazi moja duniani, na alipenda kuitangaza hata kwa watu ambao hawakuuliza: "Vita ikikuya tena, ule mama atatoka hapa amekaa mbele, amefunga mukanda."

*

Kwa mambo mengine yote alikuwa mtu anayeachia. Nilimwona akivua viatu barabarani na kumpa mtu aliyekuwa akitoka kambi ya wakimbizi bila viatu, kisha akarudi nyumbani juu ya mawe makali ya lava akitembea kama kuku. Ukienda kuomba sukari alikupa kopo lote, mkewe akatuma mtu kulifuata. Lakini omba umeme.

"Papa Shofere, nisaidie telefoni yangu ikule kidogo tu. Dakika tano."

"Dakika tano inafanya nini kwa telefoni?"

"Inasaidia kidogo."

"Kwa gari, ile kidogo njo kuwaka. Unataka kuniibia kuwaka kwa gari?"

Nikirudi nyuma ya ukuta mama yangu alicheka. Mabanga kuna vibanda vya kuchaji simu kila kona, na kila mtu mwenye kipande cha umeme amekifanya duka. Yeye alikuwa na umeme uani, bure, na hakuna mtu aliyewahi kuonja hata tone. Alikataa muuza samaki, alikataa katekista, alikataa mwanajeshi wa kambi ya Katindo aliyekuwa na bunduki begani na simu iliyozimika mkononi. Huyo Papa Shofere alimwambia, "Hii batri ni ya mama mugonjwa," kwa sauti iliyomfanya mwanajeshi aombe msamaha na kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Fundi mmoja aliyekuwa jirani na kambi hiyo alikuja kumwonea huruma. Akachora kwa kidole juu ya vumbi la kapo.

"Muzee, unaweka batri ya pili ndani ya remorki. Hapa katikati unatia relee. Gari ikiwaka, zote mbili zinakula. Gari ikizima, relee inakata waya yenyewe, ampuli inakunywa ile ya remorki, ya gari inabaki mzima. Unalala vizuri."

Papa Shofere alisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyosikiliza habari za nchi ya mbali.

"Na ile relee, nani anaichunga?"

"Inajichunga."

"Njo vile batu walituambia juu ya Goma, inajichunga," akasema. "Asante sana, mwanangu. Hapa relee ni mimi."

Na kweli alikuwa relee. Kila aliposimamisha gari, kabla hajamsalimia mtu, alizunguka nyuma na kuchomoa fishi. Yalikuwa mazoea ya mwili wake, kama wengine wanavyofanya ishara ya msalaba. Aliwahi kumbeba bibi harusi, bila malipo, binti wa mtaani kwetu. Hakuwa na nia ya kuifungua remorki kutoka kwenye gari kwa ajili ya harusi, kwa sababu kuifunga tena kunachukua muda na vita havitoi taarifa. Basi bibi harusi akafika kanisani anakokota nyumba. Kwaya ikaanza kuimba. Papa Shofere akashuka, akampita bibi harusi mlangoni mwa gari, akaenda nyuma, akachomoa fishi, akauzungusha waya vizuri, akautundika, akafuta mikono. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza mara mbili na nusu. Mama mkwe, aliyetoka Butembo na kuogopa kuonekana mshamba, aliuliza watu wa pembeni kama hii ndiyo desturi ya Goma. Wakamwambia ndiyo.

Usifikiri kila alichoamini kilikuwa sahihi. Aliamini batri ikiwekwa chini pale Goma inaishiwa umeme, kwa sababu chini yetu kuna moto, na moto huvuta umeme. Ndiyo maana ya kile kibao. Alipaka vichwa vya batri siagi ya ng'ombe iliyotoka Masisi, na hakutaka siagi ya sehemu nyingine yoyote. Paka wote wa Mabanga waliijua jeep ile. Ukimwonyesha kwamba paka wanalamba mota, alikwambia paka hawezi kugeuza ufunguo.

Mke wake ndiye peke yake aliyeweza kumchokoza juu ya batri, na alifanya hivyo kila siku, kwa ukali wa kupendeza.

"Niliolewa na mwanaume, nikakuta ni mulinzi," aliniambia mbele yake. "Batri anaifunika kitambaa. Mi nikisikia baridi ananiambia nisogee."

"Ukisogea unapata joto."

"Nikisogea nakutana na batri."

Mumewe alitikisa kichwa na kuendelea kuipangusa batri. Wakati mwingine niliwaza kwamba hakuwa anasikia utani, lakini siku moja nilimwona ameenda nyuma ya remorki kucheka peke yake, akiwa ameshika ukuta, kisha akarudi na uso wake wa siku zote.

*

Remorki ile ilikuwa imetazama barabara, pua ya jeep langoni, tayari kuondoka, na kwa miaka yote niliyoijua haikuenda popote zaidi ya kanisani. Lakini mimi nilisafiri nayo sana. Mchana Mama Shofere aliniita tukae ndani, kwa sababu kitanda chake kilikuwa laini kwa nyonga, na tulivuta pazia.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

Nilikuwa na kitabu cha jiografia kilichokosa jalada, na nilikuwa nimeacha shule kabla ya kukimaliza, kwa hiyo nilijua barabara nyingi hadi katikati tu. "Tumefika Rutshuru. Watu wanauza papai."

"Ununue moja. Endelea."

"Lubero. Baridi."

"Nijifunike. Endelea."

Tulifika Butembo, Beni, Kisangani. Mara moja tulivuka hadi baharini, ambako hakuna kati yetu aliyewahi kwenda, na kwa sababu hatukujua tufanye nini pale tukageuza. Alichotaka hasa ni Masisi kwao, vilima vya ng'ombe, na hiyo ndiyo safari ambayo hakuniruhusu niidanganye. Nilipotangaza siku moja kwamba tumefika Masisi, alisema, "Hapana, huko barabara imefungwa. Rudisha gari."

Papa Shofere hakucheza mchezo huo. Alipita nje, akagonga bati kwa vidole na kuuliza, "Hamujawasha taa?"

"Hatujawasha, papa."

"Mubaki vizuri."

Mwaka ambao kambi za wakimbizi zilijaa hadi kando ya barabara ya Sake, mahema ya plastiki yamebanana kama meno, alirudi nyumbani na mama mmoja na watoto wake. Aliwakuta kwenye uwanja wa shule wananyeshewa. Akawaweka ndani ya remorki, akawapa kitanda, meza, sufuria na blanketi la kitanda chake mwenyewe. Kisha akawaonyesha ampuli mbili za dari.

"Hizi ni picha tu," akawaambia. "Haziwake."

Mtoto mmoja alibonyeza swichi ili kuhakikisha. Haikuwaka, maana fishi ilikuwa imechomolewa. Papa Shofere akawapa mishumaa.

Nilifikiri sana juu ya hilo baadaye. Ampuli ikiachwa inaua batri. Mshumaa ukiachwa unaunguza remorki, jeep, nyumba yao, na pengine yetu. Alipima hayo mawili na akachagua mshumaa. Na kweli siku moja pazia likaungua, likazimwa kwa maji ya kupikia, na yeye akaenda kwa mkewe kuomba kitenge cha kushona pazia jingine.

"Pazia yangu imeungua, kitenge yangu inaenda," alisema Mama Shofere. "Batri yako imepoteza nini?"

"Hakuna."

"Njo vile naona."

Akakitoa kitenge kizuri, cha bluu na njano. Familia ile ilikaa miezi. Walipoondoka, yule mama alimshika Mama Shofere mikono yote miwili na hakuachia hadi watoto walipoanza kumvuta. Lile pazia la bluu na njano lilibaki.

*

Sasa nieleze siku ambayo alikuwa ameingoja.

Vita viliingia asubuhi, watu wametoka kunywa chai. Batri ilikuwa tayari imesharudi ndani ya jeep. Nataka hilo lieleweke: ilikuwa ndani, vichwa vimekazwa, siagi imepakwa, fishi imechomolewa, pua inatazama barabara. Katika Goma nzima hakukuwa na gari lililo tayari kuliko lile. Mlio wa kwanza ulitoka upande wa Sake, halafu ikawa milio, halafu watu.

Mama yangu alikuwa anafunga godoro. Mimi nilikuwa juu ya ukuta nikiwapokea wadogo zangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Papa Shofere alimtoa mkewe nje, akamkalisha mbele, akamfunga mukanda. Akampa mfuko wa nguo apakate. Akafunga mlango wa gari taratibu, kama mlango wa sanduku la vyombo. Kisha akaenda mbele, akafungua kapo.

Miaka yote hiyo mlio wa risasi ulikuwa na maana moja kwa mikono yake. Risasi zikilia Katindo, toa batri. Zikilia Birere, toa batri, wezi watapita. Mikono haikuuliza kama leo ni tofauti. Nilimwona akivuta kle shingoni, akilegeza kichwa cha kwanza, akilegeza cha pili. Akaiinua, akaiweka mbele ya tumbo, akatoka nayo langoni, akashika barabara ya mpakani pamoja na watu wengine wote.

Mama Shofere alikuwa amekaa mbele, amefunga mukanda. Kapo lilikuwa juu, kwa hiyo hakuona kitu. Alidhani anapima mafuta.

Papa alifika karibu na kona kabla ya kugeuka kumwambia mkewe kitu na kukuta hayupo. Akarudi akisukumana na watu. Akasimama kwenye dirisha.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Nangoja gari iwake," akasema Mama Shofere.

Alimtazama mkewe. Alitazama mikono yake, na kilichokuwa ndani ya mikono. Alitazama lile kapo lililo wazi. Nimeona watu wakipoteza nyumba na sikuona uso ule.

Akataka kuirudisha. Lakini wakati huo barabara ilikuwa imejaa hadi langoni kwao: watu, mbuzi, magodoro, na gari la muuza mbao lililokwama mbele kabisa likipiga honi bila kusogea. Hata jeep ingewaka, ingewaka palepale.

Chukudu ikapita. Sitaongeza kitu: alikuwa yule yule muuza kabichi, amezeeka kidogo. Akamtambua.

"Mama," akasema, "tena?"

"Tena," akasema Mama Shofere, akafungua mukanda.

Wakampandisha. Papa Shofere hakuwa na nguvu ya kubeba batri hadi mpakani na kusaidia kusukuma, na hakutaka kuiacha, kwa hiyo mkewe akasema, "Lete huyo." Akaipakata, akaifunika kitenge kwa ajili ya mvua iliyokuwa imeanza. Nilitembea nyuma yao njia nzima. Papa alisukuma akiangalia chini. Mkewe ndiye aliyekuwa anamchangamsha. "Usilie, papa. Angalia, imelala."

Mpakani kulikuwa na msongamano ambao sitaki kuueleza. Askari mmoja alikuwa anawatenga akina mama wenye watoto wachanga ili wapite kwanza. Akaona mama aliyekaa juu ya chukudu, amepakata kitu kizito kilichofunikwa vizuri.

"Mama na mutoto, mupite hapa," akasema.

Mama Shofere akainamisha kichwa, akasogeza kitenge kidogo ili mvua isiingie, na akapita.

*

Tuliporudi, magari ya Mabanga hayakuwepo. La muuza mbao, la duka la dawa, lile la mwalimu mkuu ambalo halikuwa na breki: yote yalikuwa yamechukuliwa na watu wenye silaha. Jeep ya Papa Shofere ilikuwa pale pale, kapo wazi, alama za mikono nyuma ya remorki mahali walipojaribu kuisukuma, mzigo ule mzito juu ya mawe, wakachoka. Godoro lilikuwa limeondoka na kioo cha ukutani pia. Pazia lilibaki.

Majirani walikuja kumpongeza. "Muzee, ulijua." "Muzee ana akili ya zamani." Alikaa kwenye kiti, akazipokea sifa zile kwa upole, bila kuzikubali wala kuzikataa, kwa muda wa wiki nzima. Jumapili mbele ya watu Mama Shofere akasema, "Alisahau kama gari ni ya kupanda." Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mumewe akasimama, akaenda nyuma ya remorki. Safari hiyo sikujua kama ni kucheka.

Kuanzia hapo aliongeza desturi moja. Asubuhi, akisharudisha batri, alimwita mkewe, akamkalisha mbele, akafunga mukanda, akawasha gari. Liliwaka. Akalizima. Akamfungua, akamrudisha ndani. Mkewe alilalamika kila siku na kila siku alienda akiwa amesuka.

*

Mimi nilienda Butembo kwa shangazi kujifunza cherehani. Nilipita Rutshuru na hakuna aliyekuwa anauza papai. Ni huko Butembo mama yangu aliponipigia simu kuniambia Mama Shofere amefariki, kwa ugonjwa, hospitalini, msimu wa mvua. Hakuongeza mengi. Nilikuwa na suruali ya mtu kwenye mashine, nikaishona miguu yote miwili pamoja.

Nilirudi Mabanga baada ya muda mrefu. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Niliruka ukuta kama zamani ingawa sasa ukutani kulikuwa na mlango wa kupitia. Jeep ilikuwa inatazama barabara, remorki nyuma yake. Na ndani ya remorki, mchana ule mweupe, ampuli zote mbili zilikuwa zinawaka.

Kwanza niliangalia nyuma ya gari. Fishi ilikuwa imechomekwa.

Papa Shofere alikuwa amekaa kwenye ngazi ya remorki. Nyuma yake, juu ya meza ya kukunja, kulikuwa na simu za mtaa mzima, nyaya zimeviringana kama matumbo ya mbuzi. Muuza samaki alikuwa anachukua yake. Katekista alikuwa anangoja.

"Papa, pole sana ya mama."

"Asante, mwanangu. Karibu. Umekuwa mushonaji?"

"Najaribu."

"Njo vizuri."

Nikakaa karibu naye. Akaanza mwenyewe, akitazama barabara, kama mtu anayetoa ripoti ofisini.

"Alipata maumivu asubuhi. Nikamuweka mbele. Mukanda. Nikageuza ufunguo. Iliwaka mara moja."

"Mara moja?"

"Mara moja. Hata haikukohoa. Sikufungua remorki, hapakuwa na muda, tukaenda nayo. Kila mutu barabarani anatupisha. Yeye anatazama nje, ananiuliza, tumefika wapi? Nikamwambia, Birere. Akaniambia, endelea." Akaipangusa kle iliyokuwa bado shingoni. "Kwa mulango ya hospitali ule mulinzi ananiambia, muzee, hapa tunapokea mugonjwa, hatupokee nyumba. Mama akacheka. Njo mara ya mwisho nilimusikia akicheka. Alishuka mbele ya batu bote, kama bibi ya gavana."

"Hakupanda chukudu," nikasema.

"Hapana," akasema. "Hapana."

Katekista alichukua simu yake, akashukuru, akaondoka. Niliona ampuli moja imeanza kuwa ya njano kidogo, jinsi zinavyofanya zikichoka.

"Papa, lakini gari bado inawaka?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Sijui. Sijajaribu tena."

"Batri inalala wapi siku hizi?"

"Mule ndani ya gari. Ina nyumba yake." Akageuka akanitazama mikono. "Telefoni yako iko wapi? Lete. Chomeka."

Nikaitoa. Nilikuwa nimeichaji usiku kucha kwa mama, kioo kilikuwa kinaonyesha hivyo, wazi kabisa. Nikamwonyesha. "Imejaa, papa."

"Chomeka tu."

Nikaingia ndani ya remorki. Pazia la bluu na njano lilikuwa limefungwa vizuri kwa utepe. Nikatafuta nafasi kati ya nyaya za watu, nikachomeka, nikarudi kukaa kwenye ngazi. Tukakaa hapo, mimi na yeye, tukiiangalia telefoni iliyojaa inakula.